Kubandua rangi na kung'arisha sigara ya kielektroniki ya metali: yanayosemwa na yaliyo kweli

Sigara ya kielektroniki yenye bodi ya metali huanza kupoteza rangi pale inaposhikwa zaidi: kwenye kona, pembeni mwa kitufe cha kuwashia, na chini inaposimamishwa mezani. Mwenye nayo akiona metali imeanza kuchungulia, hupata hamu ya kuitoa rangi yote na kuisugua bodi mpaka ing'ae. Kazi hiyo inafanyika nyumbani bila shida kubwa, lakini ushauri mwingi unaotolewa juu yake umejaa makosa, na baadhi ya makosa hayo huharibu kifaa au humwumiza mtu. Karibu yote yana chanzo kimoja, nacho ni kuchagua dawa kabla ya kujua ni metali gani iliyo chini ya rangi.

Wengi huamini kwamba chini ya rangi kuna chuma cha pua. Mara nyingi sivyo. Bodi nyingi za umbo la kiboksi hutengenezwa kwa alumini, au kwa aloi (mchanganyiko wa metali) ya zinki iliyomiminwa kwenye kalibu, ilhali vifaa vya umbo la bomba ndivyo ambavyo mara kwa mara huchongwa kwa shaba nyekundu, shaba ya manjano au chuma cha pua. Uzito husaidia sana kutambua: sentimita moja ya ujazo ya alumini ina gramu 2.7, aloi ya zinki huwa na takriban gramu 6.6, na chuma cha pua hukaribia 8. Kwa hiyo bodi nyepesi kuliko ulivyotarajia huenda ni alumini. Sumaku haitoshi kuamua, kwa sababu haishiki alumini, zinki wala shaba, na aina nyingi za chuma cha pua nazo haziishiki vizuri. Njia nyingine ya kusaidia ni kukwangua sehemu ndogo iliyofichika, kwa mfano chini ya mfuniko wa betri, na kuitazama rangi ya metali yenyewe kwenye mwanga wa jua.

Tofauti hii si ya kitaalamu tu. Zinki iliyomiminwa ina ngozi nyembamba iliyoshikamana vizuri, na chini ya ngozi hiyo kuna vitundu vidogo vya hewa iliyonaswa wakati wa kumimina. Ukisugua kwa nguvu ukaivuka ngozi, vitundu hivyo hujitokeza kama alama za sindano, na kadiri unavyozidi kusugua ukitaka kuvimaliza ndivyo vingine vinavyofunguka. Maoni yangu ni kwamba bodi ya zinki haifai kung'arishwa ikawa kama kioo. Iishie kwenye mng'ao hafifu, au ipakwe rangi upya.

Dhana ya hatari kuliko zote ni ile ya kuloweka bodi ndani ya maji ya kostiki soda, kwa hoja kwamba kostiki hula rangi na kuiacha metali. Hoja hiyo ina ukweli kwa chuma. Alumini, kinyume chake, huliwa na kostiki yenyewe: maji huchemka kwa povu, joto hupanda, na gesi ya haidrojeni inayotoka hushika moto kwa urahisi. Zinki nayo hushambuliwa. Dawa nyingi za kusafishia oveni na za kuzibulia mabomba zina kostiki hiyohiyo, kwa hiyo kubadilisha chupa hakubadilishi hatari. Tone moja likirukia jicho linaweza kuliharibu moja kwa moja.

Wapo pia wanaopima ubora wa dawa ya kutoa rangi kwa ukali wa harufu yake. Dawa zilizokuwa na sifa hiyo kwa miaka mingi zilitegemea dikloromethani, kimiminika kinachochemka kwenye nyuzi 40 tu za Selsiasi, yaani hugeuka mvuke haraka sana katika chumba chenye joto. Mwili ukiivuta huibadilisha kwa sehemu kuwa monoksidi ya kaboni, gesi ileile inayoua watu waliojifungia ndani na jiko la mkaa. Nchini Marekani, kati ya mwaka 2000 na 2011, mafundi wasiopungua 13 waliokuwa wakitoa rangi kwenye mabafu walikufa kwa dawa za aina hiyo, na mwaka 2019 uuzaji wake kwa watumiaji wa kawaida kwa kazi ya kutoa rangi ulipigwa marufuku nchini humo. Dawa nzito kama jeli zinazotegemea alkoholi ya benzili hufanya kazi polepole, pengine kwa saa kadhaa, lakini hufanya. Pakaza tabaka nene, funika kwa nailoni ili isikauke, kisha subiri mpaka uone rangi imekunjamana na kuinuka. Hapo iondoe kwa kijiti au ukingo wa plastiki ngumu, si kwa kisu. Vaa glavu na miwani, na ukae nje penye upepo.

Thina na asetoni hutoa rangi ya kupuliza ya kawaida, lakini huweza kushindwa kabisa na rangi ya unga iliyookwa. Asetoni pia huyeyusha plastiki nyingi, kikiwemo kioo cha skrini ambacho mara nyingi si kioo.

Jambo moja husumbua watu wengi: alumini yenye rangi ya buluu au nyekundu inayong'aa inagoma kutoka hata kwa dawa nzuri. Hiyo huwa si rangi iliyopakwa. Ni tabaka la oksidi lililokuzwa kwa umeme kutoka kwenye alumini yenyewe, kisha likanyweshwa rangi, na ugumu wake unaizidi mbali metali iliyo chini. Dawa ya kutoa rangi haina cha kubandua hapo. Kilichobaki ni msasa na uvumilivu.

Inasemekana pia kwamba kuziba matundu kwa utepe wa karatasi wenye gundi kunatosha, na betri inaweza kubaki ndani. Haifai hata kidogo. Betri ya 18650, ile ya lithiamu yenye umbo la mcheduara inayotumika kwenye vifaa vingi vya aina hii, ikijaa ina volti 4.2, na karibu ganda lake lote la metali ni upande hasi, likitenganishwa na upande chanya kwa nailoni nyembamba. Dawa ikiilainisha nailoni hiyo, njia ya kuelekea moto imefunguka. Kifaa ambacho betri yake imefungwa ndani na haitoki, kiache na rangi yake.

Kwenye msasa, kosa la kawaida ni kudhani kwamba dawa ya kung'arishia hufuta mikwaruzo. Haifuti ila ile midogo sana, na iliyobaki huionyesha zaidi. Tumia msasa wa maji, anza na namba 400, uende 600, 800, 1000, 1500 hadi 2000, ukibadili mwelekeo wa kusugua kila unapobadili namba. Usipande namba mpaka mistari ya mwelekeo uliopita imetoweka yote. Maji hulainisha, na hulizuia vumbi lisiingie puani, jambo muhimu hasa kwa shaba ya manjano kwa kuwa ile ya kuchonga mara nyingi ina kiasi kidogo cha risasi, metali yenye sumu.

Drili yenye kitambaa cha kung'arishia huharakisha kazi, lakini hula kona na kufuta maandishi. Dawa yake hujificha kwenye meno ya skrubu na kwenye vitundu vya kutolea gesi ya betri. Osha bodi tupu kwa maji ya moto, sabuni ya vyombo na mswaki, kausha kabisa, na uhakikishe kila kitundu kinapitisha mwanga kabla ya kurudisha chochote mahali pake.

Mng'ao wa shaba haudumu. Jasho la kiganja huufifisha kwa siku chache, na katika hewa ya chumvi ya pwani hufifia upesi zaidi. Vanishi huuhifadhi, mradi isiguse meno ya skrubu wala sehemu yoyote inayopitisha umeme, kwa kuwa vanishi huzuia umeme. Anayeweza kuvumilia kusugua tena kwa Brasso kila baada ya muda afanye hivyo, na vanishi aiache.