Je, wajua teksi inavyotofautisha shimo na tuta?

Panda gari ufumbe macho. Tuta litakunyanyua mzimamzima, shimo litakutupa upande mmoja. Mwaka 2008 watafiti wa chuo cha MIT, Marekani, waliifundisha kompyuta kuhisi hivyohivyo.

Walifunga vifaa kwenye teksi 7 za Boston: kihisi cha mtikisiko kinachopima mara 380 kwa sekunde, na GPS ya kuonyesha gari lilipo. Madereva waliendelea kusaka abiria kama kawaida, huku barabara zikipimwa chini yao. Faida yake ni kwamba shimo hujulikana kabla halijapasua tairi la mtu au kumwangusha mwenye pikipiki.

Kazi ngumu ni kuchuja, maana gari hutikiswa na mengi. Mlango hubamizwa gari likiwa limesimama, kwa hiyo mtikisiko wowote usio na mwendo hutupwa. Kona na breki huyumbisha gari polepole. Shimo hugonga ghafla. Halafu lipo tuta, ipo reli, vipo viungio vya daraja: hapo tairi za kushoto na kulia hupanda pamoja, gari likaruka juu na chini bila kulala ubavu. Kwenye shimo, tairi moja huzama na mwili wa gari huinama. Uinamaji huo mdogo ndio unaolifichua shimo.

Hata hivyo, kugonga mara moja hakutoshi kuwa ushahidi. Mpaka magari yagonge palepale mara kadhaa ndipo mahali hapo huingizwa kwenye orodha. Watafiti walipokwenda kukagua kwa macho, zaidi ya 90% ya sehemu zilizotajwa zilikuwa na ubovu wa kutengenezwa.

Mwaka 2012 jiji la Boston likahamishia wazo hilo kwenye simu, kwa programu iitwayo Street Bump. Mingi ya mitikisiko ikaonekana kutoka kwenye mifuniko ya chemba iliyodidimia, si mashimo. Tena wenye simu za kisasa wakati ule walikuwa zaidi vijana na wenye nazo, hivyo mtaa wa maskini ungeweza kuonekana laini kwa sababu tu hakuna simu iliyopita.

Nami naongeza la kwetu: dereva wa daladala aliyezoea njia hulijua kila shimo, na hulikwepa hata kwa kupanda ukingo. Tairi lisipozama, kihisi nacho hakina la kusema.