Upanga wa mikono miwili sio lazima uue haraka

Huku Kigoma ukiingia banda lolote la gemu, iwe Mwanga au Ujiji, utasikia ukishuka mapangoni kwa mazimwi beba upanga wa mikono miwili, wa mkono mmoja ni wa kuanzia tu. Inaeleweka, maana ile namba ya damegi, yaani kiasi adui anachoumia, ni kubwa kweli. Ila ni ya pigo moja, na lile dude zito. Tuseme linatoa 30 kila sekunde 2, ule mdogo unatoa 12 lakini ndani ya sekunde hizohizo umeshapiga mara 3, hiyo 36, na mkono mwingine una ngao. Sasa kuna gemu deraya ya adui, yaani vazi lake la vita, inakata kila pigo, ikikata 5 lile dude linabaki na 25, mdogo 21, hapo mambo yanageuka, kwahiyo wanaolisifia kwa mabosi, wale maadui wakubwa, wa deraya nene wana pointi.

Ya gemu yako pima mwenyewe, adui yuleyule, leveli ileile, washa saa ya simu uone anadondoka sekunde ya ngapi, rudia kama mara 5 maana kuna mapigo ya bahati yanayoumiza zaidi. Mi nilivyopima nikarudi kwenye ngao, japo lile dude kulibeba raha bwana.