Si Lazima Uwe na Chumba cha Darasa: Dhana na Ukweli Kuhusu Kupanga Masomo ya Nyumbani

Mzazi akisema anamfundisha mtoto nyumbani, ndugu na majirani hawaulizi kwanza anamfundisha nini. Wanauliza anamfundishia wapi. Swali hilo limewaingiza wengi kwenye matumizi makubwa kabla ya somo la kwanza: meza mpya, rafu, chati za ukutani, makasha ya plastiki ya kila rangi. Wengine wameahirisha kabisa wakingoja siku watakapohamia nyumba yenye chumba cha ziada. Hilo linaniuma, kwa sababu wazazi hao wana moyo na uwezo wa kufundisha, na kinachowazuia ni samani.

Mwaka 2020 shule zilipofungwa kwa sababu ya korona, familia zilianza kusomesha palipokuwepo. Nchini Kenya wanafunzi wengi walikaa nyumbani tangu Machi 2020 hadi Januari 2021. Meza ya kulia chakula ikawa dawati, jamvi likawa darasa. Wapo walioendelea hivyo hata baada ya shule kufunguliwa, na wanaoanza leo wanawauliza maswali yaleyale. Nayajibu hapa yale ninayokutana nayo mara nyingi.

Dhana: Bila chumba maalumu na meza moja ya kudumu, mtoto hatajifunza

Mwaka 1978 watafiti Steven Smith, Arthur Glenberg na Robert Bjork walichapisha majaribio ambayo hadi leo hutajwa sana. Wanafunzi walisoma orodha ya maneno mara mbili. Baadhi yao walirudia orodha katika chumba kilekile, wengine wakahamishiwa chumba tofauti. Walipopimwa mahali pengine kabisa, waliosomea vyumba viwili walikumbuka maneno mengi zaidi. Kwa hiyo mtoto anayefanya hesabu sebuleni asubuhi na kusoma hadithi barazani alasiri hapotezi kitu kwa kuhama.

Kuna mambo mawili ya mahali ambayo kweli yana uzito, na yote mawili hayahitaji chumba. La kwanza ni mwanga. Huku kwetu karibu na ikweta jua huchomoza na kuzama karibu saa zilezile mwaka mzima, kwa hiyo ukiuchunguza mwanga wa nyumba yako kwa siku mbili tatu utajua mahali panapofaa kwa miezi yote. Dirisha la mashariki huingiza jua kali asubuhi, la magharibi huchoma alasiri. Yanayotazama kaskazini au kusini hutoa mwanga uliotulia zaidi. Mtoto anayeandika kwa mkono wa kulia akae mwanga ukitokea kushoto kwake, anayetumia kushoto akae kinyume chake, la sivyo kivuli cha mkono kitaangukia pale pale anapoandika. Jambo hili halina gharama yoyote, na bado nyumba nyingi hazilijali.

La pili ni kimo. Miguu ya mtoto iguse chini na viwiko vyake viwe usawa wa meza. Mtoto wa miaka sita kwenye meza ya watu wazima huninginiza miguu na kupandisha mabega, na baada ya robo saa utamwona anajinyonganyonga ukadhani ni mtundu. Mwekee kigoda chini ya miguu na mto kwenye kiti. Au mketishe mkekani mbele ya meza fupi ya sebuleni. Kwa watoto wadogo kimo chake mara nyingi kinatosha kabisa.

Wala usidharau nje. Katika shule 12 za mji wa Guangzhou, China, nusu ya shule ziliwaongezea watoto wa darasa la kwanza dakika 40 za kukaa nje kila siku ya shule. Matokeo yaliyochapishwa 2015 yalionyesha kwamba baada ya miaka mitatu, watoto waliopata tatizo la kutoona mbali walikuwa asilimia 30.4 kwenye shule hizo, na asilimia 39.5 kwenye shule ambazo hazikuongeza muda huo. Ukiwa na baraza au kivuli cha mwembe, una sehemu nzuri ya kusomea.

Dhana: Kuta zikijaa chati na picha, mtoto hujifunza hata asipofundishwa

Hii ndiyo dhana inayouza zaidi madukani. Herufi, namba, viungo vya mwili, wanyama wa porini, ramani, siku za wiki, vyote ukutani kwa pamoja, na vibendera juu yake.

Mwaka 2014 Anna Fisher na wenzake wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, waliwafundisha watoto 24 wa chekechea masomo sita mafupi ya sayansi. Masomo matatu yalifundishwa chumba kikiwa kimejaa mapambo, matatu chumba hicho hicho kikiwa kitupu. Kwenye mapambo watoto walitumia takriban asilimia 39 ya muda wakiwa wametoka kwenye somo. Kwenye kuta tupu ilikuwa asilimia 28. Katika maswali walipata wastani wa asilimia 42 kwenye masomo ya chumba kilichopambwa na asilimia 55 kwenye yale ya chumba kitupu. Mwalimu alikuwa yuleyule.

Sisemi ubandue kila kitu. Chati ya jedwali la kuzidisha ina kazi katika wiki ambazo mtoto anajifunza kuzidisha. Ibandike, itumieni kila siku kwa kidole na kwa sauti, kisha iondoke ipishe nyingine. Chati iliyokaa mwaka mzima mtoto haioni tena. Ukuta ulio mbele ya macho yake anapoandika uache wazi. Ukitaka kuonyesha michoro yake, tumia ukuta ulio mgongoni kwake au ule wa ukumbini. Na michoro yake ionyeshwe, tafadhali, kuliko chati za kununua, maana hiyo anaijua ilivyotengenezwa.

Dhana: Vifaa vingi ndiyo elimu bora

Maria Montessori, daktari Mwitalia aliyebuni njia yake ya kufundisha watoto wadogo, alifungua shule yake ya kwanza, "Nyumba ya Watoto", mtaa wa San Lorenzo, Roma, Januari 1907. Wanafunzi wake walikuwa wa familia za wafanyakazi maskini. Aliweka meza na viti vya kimo cha mtoto na kabati fupi ambazo mtoto hufikia mwenyewe, na katika shule zinazomfuata kila kifaa kwa kawaida huwa kimoja tu. Anayekitaka na kukikuta kinatumiwa husubiri. Akimaliza, hukirudisha palepale alipokitoa. Watu wengi wanaomtaja Montessori leo wananunua vifaa vyake vya mbao kwa bei kubwa na kuliacha hilo la kabati fupi na la kurudisha, ambalo kwangu ndilo kiini chenyewe.

Utafiti wa 2018 kutoka Chuo Kikuu cha Toledo, Marekani, uliwapa watoto wadogo 36 nafasi ya kucheza mara moja wakiwa na vitu vinne vya kuchezea, mara nyingine wakiwa na vitu 16. Walipokuwa na vinne walishikilia kila kimoja kwa muda mrefu zaidi na kukitumia kwa njia nyingi zaidi. Kwa hiyo vifaa ulivyo navyo vigawe. Vichache viwe kwenye rafu ya chini, vingine viwe vimefungiwa juu ya kabati, na ubadilishe kila baada ya wiki kadhaa. Kitu kilichopotea machoni kwa mwezi mmoja hurudi kama kipya.

Na vya kununua havihitajiki kwa wingi huo. Kete za bao zinatosha kufundisha kuhesabu, kujumlisha, kugawanya kwa mafungu na mabaki. Vizibo vya soda vikiandikwa herufi kwa kalamu isiyofutika vinaunda silabi: ba, be, bi, bo, bu. Kikombe, kibaba na chupa za maji za nusu lita na lita moja zinafundisha ujazo vizuri kuliko picha ya kitabuni.

Katika suala hilihili la vifaa, kuna wanaotenga kona ya "mtoto wa kuona", kona ya "mtoto wa kusikia" na kona ya "mtoto wa kugusa", wakiamini kila mtoto ana mtindo wake wa kujifunza. Mtafiti wa saikolojia Harold Pashler na wenzake walipitia tafiti za jambo hilo mwaka 2008 na hawakupata ushahidi wa kutosha kwamba kumfundisha mtoto kwa "mtindo wake" humfanya ajifunze vizuri zaidi. Okoa nafasi.

Dhana: Vitabu vipangwe kwa masomo, kama maktaba

Maktaba ina mkutubi. Nyumba ina mama aliyeweka chungu jikoni na watoto watatu wa madarasa tofauti. Ukipanga Hisabati zote pamoja na Kiswahili chote pamoja, kila mtoto atapekua rafu nzima kutafuta chake, na mwisho wa siku hakuna anayejua cha nani ni kipi.

Panga kwa mtoto, kisha kwa matumizi. Kila mtoto awe na kapu lake, liwe la ukili, la plastiki au boksi la karatasi lililokatwa upande. Ndani yake vikae vitabu na madaftari anayotumia wiki hii tu. Vitabu vya muhula ujao na vya marejeo vikae kwenye rafu ya juu, ambako kupanga kwa masomo kuna maana kwa sababu ni wewe unayevichukua. Vitu vya wote, yaani mkasi, gundi, rula, kichongeo, viwe kwenye chombo kimoja chenye mshikio ambacho huletwa mezani na kuondolewa kwa mkupuo. Penseli zichongwe jioni. Nimeona asubuhi nyingi zikimalizikia kwenye kutafuta kichongeo.

Kurudisha ni kazi ya mtoto, hata wa miaka minne, na ni sehemu ya somo lenyewe. Kama hajui kusoma, chora picha ya kitu mahali pake. Kwa kila mpangilio mimi huuliza swali moja: je, mtoto anaweza kutoa, kutumia na kurudisha bila kuniita? Kama hawezi, mpangilio huo ni wa macho ya wageni.

Dhana: Kila karatasi ihifadhiwe

Wengine husema kinyume, kwamba zote zitupwe. Ukweli uko kwenye kuchagua. Chukua kazi chache za kila somo kila mwezi, za mwanzo na za mwisho, hata zile zenye makosa, maana ndizo zinazoonyesha mtoto alipotoka. Andika tarehe juu, tia kwenye faili. Mtaala wa umilisi wa Kenya, ulioanza kutekelezwa nchi nzima 2019, umewazoesha wazazi wengi potifolio ya namna hii. Ndugu zetu walioko jimbo la Pennsylvania, Marekani, wanadaiwa na sheria: mzazi anayefundisha nyumbani lazima aweke kumbukumbu na sampuli za kazi, zikaguliwe na mtathmini kila mwaka.

Faili la pili liwe la nyaraka, nalo lisiguswe na watoto: vyeti vya kuzaliwa, ripoti za shule ya zamani, matokeo ya mitihani. Kwa Tanzania, kijana atakayefanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea bila kupita upimaji wa kidato cha pili huanza na Mtihani wa Maarifa, na siku ya kujisajili si siku ya kupekua masanduku.

Dhana: Simu imeondoa haja ya kupanga

Simu ina msaada wa kweli. Taasisi ya Elimu Tanzania inavyo vitabu vya kiada mtandaoni, na KICD, taasisi ya mitaala ya Kenya, ina masomo yake ya kidijitali. Lakini hati mia mbili zenye majina ya namba zilizotapakaa kwenye simu ni vurugu tupu, tena usiyoiona. Fungua folda ya kila mtoto, pakua ukiwa na bando, ipe kila hati jina la somo na darasa. Simu ikikaa mezani wakati wa kuandika, ujumbe utaingia katikati ya kugawanya.

Dhana: Kasha lililofungwa vizuri hulinda vitabu pwani

Hulinda dhidi ya maji ya mvua na panya. Dhidi ya ukungu, linaweza kuwa baya kuliko rafu ya wazi. Wakati wa masika hewa ya pwani hujaa unyevu na karatasi huunyonya. Ukizifungia zikiwa na unyevu huo ndani ya plastiki, hautoki, na ukungu hupata makazi. Kaushia vitabu kivulini siku ya upepo kabla ya kufunga, na lifungue kasha mara kwa mara siku kavu.

Rafu isigusane na ukuta. Acha nafasi ya vidole vinne hewa ipite. Ukuta wa nje ndio wenye unyevu zaidi. Kapu na boksi visikae sakafuni, viinue juu ya matofali au mbao, kwa sababu mchwa hupanda kwa vijia vya udongo na huanza na karatasi iliyotulia isiyoguswa. Ukiona kijia nyuma ya rafu, toa vitabu vyote siku hiyohiyo, si vya chini peke yake. Kitabu kilichoshaota ukungu kitenge na vingine, kikauke kabisa kwanza, kisha kifute kwa brashi laini ukiwa nje, ukijifunika pua na watoto wakiwa mbali.