Kabla ya do palikuwa na ut

Nikipokea waimbaji wapya kwenye kwaya naanza na solfa: do, re, mi. Wakishaizoea, nawaambia majina hayo yana karibu miaka 1,000, na yalitoka kwa mtawa aliyechoka kuona vijana wakitumia miaka yao wakikariri nyimbo.

Nyimbo zenyewe ni za Kigregori: Kilatini, sauti moja, bila ala wala mapigo ya kuhesabu, neno ndilo linaloongoza. Jina ni la Papa Gregori Mkuu, aliyefariki mwaka 604. Michoro ya kale inaonyesha njiwa akimnong'oneza sikioni huku karani akiandika. Napenda michoro hiyo, ila karani angeandika nini? Nota hazikuwapo. Isidori, askofu wa Sevilla huko Hispania, aliyefariki 636, alisema wazi kwamba sauti zisipotunzwa kichwani mwa mtu hupotea, kwa kuwa haziandikiki. Wataalamu wengi huona nyimbo hizi zilipata sura yake kwa Wafranki, watu waliotawala sehemu kubwa ya Ulaya Magharibi, karne ya 8 na ya 9, wafalme wao walipotaka makanisa yaimbe kama Roma.

Katika karne ya 9 zilianza kuandikwa alama ndogo juu ya maneno, neuma. Zilifanya kazi ya mkono wa mwalimu wa kwaya: hapa panda, hapa shuka. Upande kiasi gani? Hazikusema. Asiyeujua wimbo hakufundishwa na neuma.

Hapo ndipo yule mtawa, Guido wa Arezzo huko Italia, kwenye miaka ya 1020 na 1030, alipozipanga nota juu ya mistari, wa fa mwekundu, wa do wa manjano. Kisha akachukua utenzi wa Yohane Mbatizaji, ambao vipande vyake sita vya kwanza kila kimoja huanza ngazi moja juu ya kilichotangulia: *Ut queant laxis, resonare fibris, mira gestorum, famuli tuorum, solve polluti, labii reatum*. Silabi ya kwanza ya kila kipande ikawa jina la nota: ut, re, mi, fa, sol, la. Papa Yohane XIX alimwita Roma, akakijaribu kitabu cha Guido cha nyimbo, na kabla hajainuka akawa ameimba mstari ambao hakuwahi kuusikia.

Ut inabana koo, ndiyo maana baadaye Waitaliano waliiweka do. Nota ya saba, *si*, ilitokana na herufi za kwanza za *Sancte Iohannes*, maneno yanayofuata katika utenzi. Waingereza wakaifanya ti, isigongane na so kwa herufi ya kwanza.

Darasani huwa nawaimbisha utenzi huo polepole, bila kuwaeleza kitu. Wakifika *famuli*, kuna mmoja lazima acheke.