“Hana hatia mpaka ithibitike”: kanuni ya mahakama ikipanda jukwaani

Mchezaji nyota wa chuo kikuu nchini Marekani akitajwa tu katika tuhuma za ubakaji, kuna sentensi moja huwahi kufika kuliko taarifa zenyewe: hana hatia mpaka ithibitike. Huitoa watu ambao wiki iliyopita hawakuwa na habari yoyote na mambo ya sheria. Sentensi yenyewe ni ya kweli na ina uzito wake. Ila ikifika kwa mashabiki hubebeshwa mambo ambayo sheria haikuibebesha, na mara nyingi anayeishia kunyamazishwa nayo ni yule aliyelalamika.

Dhana ya kutokuwa na hatia ni amri kwa dola. Inaiambia hivi: wewe mwenye polisi, magereza na mawakili wanaolipwa mshahara, ukitaka kumfunga mtu, kazi ya kuthibitisha ni yako. Yeye halazimiki kuonyesha kwamba hakutenda. Anaweza kukaa kizimbani kimya tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho, na ushahidi wako ukipwaya anarudi kwake. Mahakama ya Juu ya Marekani iliieleza kanuni hii bayana mwaka 1895 katika kesi ya Coffin, ingawa Katiba ya nchi hiyo haikuiandika kwa jina. Za kwetu zimeiandika: ya Tanzania katika ibara ya 13, ya Kenya katika ibara ya 50.

Kanuni hii haisemi kwamba mtuhumiwa hakutenda, wala haisemi kwamba mlalamikaji amedanganya. Haimpangii jirani, mwajiri au shabiki cha kuamini moyoni. Inahusu adhabu ya dola na kiwango cha ushahidi kinachotakiwa kabla ya adhabu hiyo, ambacho kwenye jinai ni kuthibitisha pasipo kuacha shaka ya msingi. Kiwango hicho kimewekwa juu makusudi, na watu wengi waliotenda kweli hupita chini yake. Ndiyo gharama tuliyokubali kulipa ili asiyetenda asifungwe.

Kwa hiyo kuna umbali mkubwa kati ya “hakuna ushahidi wa kutosha” na “hakufanya”. Kesi mbili za Marekani zinauonyesha umbali huo vizuri, kwa sababu mwisho wake zilitoa matangazo mawili tofauti kabisa, na mashabiki wakayasoma kana kwamba ni tangazo moja.

Ya kwanza ni ya Duke, chuo kilichoko North Carolina. Machi 2006 mwanamke aliyekodiwa kucheza dansi kwenye sherehe ya timu ya lakrosi, mchezo wa mpira unaochezwa kwa fimbo zenye wavu, alisema amebakwa na wachezaji. Watatu walishtakiwa. Kabla ya ushahidi wowote kupimwa mahakamani, watu walikuwa wamekusanyika nje ya nyumba ya wachezaji wakigonga masufuria, mabango yenye picha zao yalisambazwa chuoni, msimu wa timu ukafutwa, na kocha Mike Pressler akalazimika kujiuzulu. Baadaye kesi ilichukuliwa na Mwanasheria Mkuu wa jimbo, Roy Cooper. Aprili 11, 2007 alifuta mashtaka, lakini hakuishia kusema ushahidi hautoshi. Alisema vijana wale hawana hatia. Mwendesha mashtaka wa awali, Mike Nifong, alifutwa uwakili mwaka huohuo, na Desemba 2024 mlalamikaji mwenyewe alikiri hadharani kwamba alisema uongo. Anayeiona kanuni hii kuwa kichaka cha wahalifu aisome kesi ya Duke mwanzo hadi mwisho.

Ya pili ni ya Jameis Winston, mchezaji wa futiboli ya Kimarekani wa chuo kikuu cha Florida State. Desemba 2012 mwanafunzi mwenzake aliripoti kwa polisi wa mji wa Tallahassee kwamba amebakwa. Faili lilikaa. Lilipofika mezani kwa mwendesha mashtaka Willie Meggs ilikuwa Novemba 2013, na wakati huo Winston alikuwa gumzo la futiboli ya vyuo nchi nzima, timu yake haijapoteza mchezo hata mmoja. Upande wake ulisema kilichotokea kilikuwa kwa hiari ya wote wawili, na yeye hajawahi kubadili kauli hiyo. Desemba 5 Meggs alitangaza kwamba hatafungua mashtaka, kwa kuwa ushahidi aliokuwa nao usingetosha kumtia mtu hatiani. Siku tisa baadaye Winston alikabidhiwa tuzo ya Heisman, ambayo ndiyo kubwa kuliko zote kwa mchezaji wa futiboli wa chuo, na Januari 6 akatwaa ubingwa wa taifa.

Kwa mashabiki, Meggs alikuwa “amemsafisha”. Hakusema hivyo. Aprili 2014 gazeti la The New York Times lilionyesha kwamba polisi hawakuzitafuta mapema picha za kamera za baa walikotokea wawili hao, wala hawakumpata dereva wa teksi iliyowabeba. Ushahidi unaweza kukosekana kwa sababu jambo halikutokea, na unaweza kukosekana kwa sababu hakuna aliyekwenda kuutafuta. Familia ya binti ilisema mpelelezi aliwatahadharisha tangu awali kwamba Tallahassee ni mji wa mpira, na kwamba wakiendelea na kesi maisha ya mtoto wao yatakuwa machungu. Wakati huohuo, tuwe wa haki: Desemba 2014 jaji mstaafu Major Harding, aliyesikiliza shauri la kinidhamu la chuo, aliona kwamba ushahidi haukumuelemea Winston hata kwa kipimo cha chini kuliko cha jinai. Januari 2016 chuo kilimaliza kesi aliyokifungulia yule binti kwa dola 950,000, bila kukiri kosa. Huko ndiko ukweli uliothibitika unakoishia. Si sawa na wa Duke.

Nimetaja kipimo cha chini, na hapo ndipo hasira nyingi za mashabiki huzaliwa. Chuo nchini Marekani hakifungi mtu jela. Kwa sheria ya mwaka 1972 iitwayo Title IX, chuo kinachopokea fedha za serikali kuu kina wajibu wa kushughulikia ubaguzi wa kijinsia, na mashambulio ya kingono yamo humo. Kinaweza kutumia mizania ya uwezekano, yaani kipi kina uwezekano zaidi kuwa kweli kuliko kutokuwa, kama ilivyo katika madai ya kawaida mahakamani. Ndiyo maana mtu anaweza asishtakiwe kabisa na bado akafukuzwa chuo. Shabiki anayelia kwamba “mahakama imeshindwa, chuo kinamfukuzaje?” anachanganya mizani mbili. Anaweza kusema kipimo cha chuo ni cha chini mno, na wapo wanasheria makini wanaosema hivyo. Hilo ni hoja. Kudai kwamba chuo kimevunja kanuni ya jinai si hoja.

Sasa tuje kwenye neno “mwongo”. Kutoa taarifa ya uongo polisi ni kosa la jinai. Anayesema “huyu binti anatafuta pesa, amemsingizia” anamtuhumu kosa, na kama kanuni ni ya watu wote basi naye binti hana hatia mpaka ithibitike. Sijawahi kuona shabiki akifika hapo kwa miguu yake mwenyewe. Kanuni ileile aliyoishika kwa mikono miwili kumtetea mchezaji huitupa katika sentensi inayofuata, pengine bila hata kuweka nukta.

Na malalamiko ya uongo hutokea kwa kiasi gani? Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2010 ulipitia malalamiko 136 yaliyoripotiwa katika chuo kimoja cha kaskazini-mashariki mwa Marekani kwa miaka 10. Manane yalionekana kuwa ya uongo. Haina maana kwamba 128 yaliyobaki yote yalithibitika; mengi ya aina hii huishia katikati, hayakuthibitika wala hayakukanushwa. Ila anayeanza kwa kudhani uongo ameanza na kisichotokea mara nyingi.

Kwa nini basi watu wenye akili zao, wenye mabinti na dada, huwa hivi? Mwaka 1976 mwanasaikolojia Robert Cialdini na wenzake walichapisha utafiti ambao bado unatajwa. Walihesabu mavazi ya wanafunzi siku ya Jumatatu katika vyuo vikubwa saba vya Marekani. Jumatatu inayofuata ushindi, fulana na jaketi zenye jina la chuo ziliongezeka. Walipowapigia wanafunzi simu kuwauliza matokeo ya mchezo, walisema “sisi” zaidi kwa michezo waliyoshinda kuliko waliyofungwa. Aliyekaa kijiweni siku ya Simba na Yanga hahitaji utafiti: tulishinda, wamefungwa. Mtu akishauvaa ushindi wa mchezaji kama wake, tuhuma dhidi ya mchezaji huingia nazo nyumbani kwake. Kumtetea ni kujitetea.

Kule Baylor, chuo cha Kibaptisti cha Waco, Texas, hili lilivaliwa kihalisi. Mchezaji mmoja wa futiboli alikuwa amefungwa miaka 20 mwaka 2014 kwa mashambulio ya kingono. Mei 2016, baada ya uchunguzi wa kampuni ya mawakili kuonyesha kwamba chuo na idara ya futiboli walishindwa kushughulikia malalamiko ya mashambulio ya kingono, kocha Art Briles aliondolewa na rais wa chuo, Ken Starr, akavuliwa urais. Novemba mwaka huo, kwenye mchezo dhidi ya chuo cha TCU, fulana nyeusi zenye herufi CAB, ufupisho wa cheo na jina la kocha yule, ziliuzwa na kuvaliwa na mashabiki. Hapa hakukuwa na swali la hatia ya mtu kizimbani. Zilikuwa ni fulana za kumlilia kocha aliyekuwa akishinda.

Upande wa pili nao usijisahau. Shabiki wa timu pinzani huamini tuhuma papo hapo, na haamini kwa sababu ya kumjali binti. Januari 1, 2015, timu ya chuo cha Oregon iliifunga Florida State, timu ya Winston, 59 kwa 20 katika mchezo wa Rose Bowl. Baada ya filimbi ya mwisho baadhi ya wachezaji wa Oregon waliimba “hapana maana yake hapana” kwa sauti ya wimbo maarufu wa mashabiki wa Florida State. Kocha wao, Mark Helfrich, alisema wataadhibiwa. Maneno yaliyotungwa kuwalinda wanawake yaligeuka kejeli ya uwanjani, na mlalamikaji, awe mkweli au asiwe, akawa silaha ya timu nyingine.

Kipimo kizuri cha kujua kama mtu anaijali kanuni au anamjali mchezaji ni kungoja hukumu itoke. Brock Turner alikuwa muogeleaji wa chuo kikuu cha Stanford, California. Januari 2015 wanafunzi wawili wa kutoka Sweden waliokuwa wakipita kwa baiskeli walimkuta juu ya mwanamke asiye na fahamu nyuma ya jalala la chuo, naye akakimbia, wakamkamata. Machi 2016 baraza la wazee wa mahakama lilimtia hatiani kwa makosa matatu. Kanuni ya kutokuwa na hatia ilikoma siku hiyo. Lakini barua za kumtetea zilimiminika kwa jaji zikieleza tabia yake njema na ndoto zake za kuogelea. Alihukumiwa miezi sita, akatoka baada ya mitatu. Jaji Aaron Persky aliondolewa na wapiga kura Juni 2018, wa kwanza kuondolewa hivyo California tangu 1932.

Linabaki swali la kumweka mchezaji benchi wakati uchunguzi ukiendelea. Wengi hulia kwamba ni kumhukumu kabla ya wakati. Kwetu mtumishi wa umma husimamishwa kupisha uchunguzi, na kusimamishwa huko hakuhesabiwi kuwa hukumu. Namba kwenye kikosi si uhuru wa mtu. Chuo kinaweza kumsimamisha kwa haki au kwa pupa, na namna kinavyofanya inafaa kuhojiwa kila mara: amesikilizwa? Kuna ukomo wa muda? Kwa wanaoomba kujiunga, baadhi ya vyuo vimechora mstari wa wazi zaidi. Aprili 2017 Chuo Kikuu cha Indiana kilitangaza kwamba idara yake ya michezo haitampokea mwanamichezo aliyetiwa hatiani au aliyekiri kosa kubwa la jinai la ukatili wa kingono. Aliyetuhumiwa tu hakutajwa humo.