Mtoto amepewa nyota tatu: maana yake nini?

Mwezi uliopita baba mmoja, Mkongomani anayeishi Iowa, alinipigia simu saa nne usiku. Kijana wake yuko sekondari, anacheza futiboli ya Kimarekani, na siku hiyo jina lake lilikuwa limeingia kwa mara ya kwanza kwenye mtandao unaopanga wachezaji wanaosubiri kusajiliwa na vyuo. "Mwalimu," akaniambia, "wamemwandikia nyota tatu juu ya tano. Mtoto ameanguka?"

Nimekuwa mchambuzi wa takwimu za mchezo huu kwa miaka tisa, miwili kati yake nikiwa ndani ya ofisi ya usajili ya chuo kimoja. Swali hilo nimeulizwa na wazazi wengi, lakini sikuwahi kuulizwa kwa hofu ile. Naandika kwa sababu wazazi wanaozungumza Kiswahili wenye vijana kwenye mchezo huu wanaongezeka, na wengi wanazisoma nyota kama matokeo ya mtihani wa taifa. Mtihani unapima ulichofanya. Nyota ni utabiri wa jambo litakalotokea miaka minne au mitano mbele.

Mitandao kama 247Sports, Rivals na ESPN ina maskauti wanaotazama video za mechi, wanaokwenda kwenye kambi za majira ya joto, wanaopima urefu, uzito, urefu wa mikono na kasi ya yadi 40. 247Sports hutoa nyota tano kwa wachezaji 32 hivi kila mwaka, na namba hiyo ina sababu: drafti ya NFL, yaani zoezi la kila mwaka ambamo timu za ligi ya kulipwa huchagua wachezaji kutoka vyuoni, ina nafasi 32 katika raundi ya kwanza. Kwa hiyo anayempa kijana wa miaka 17 nyota tano anasema, "huyu namwona raundi ya kwanza." Nyota nne hupewa mamia kadhaa. Nyota tatu ndilo kundi kubwa, zaidi ya elfu moja kwa mwaka. Na wavulana wanaocheza mchezo huu katika sekondari za Marekani ni milioni moja hivi. Nilipomtajia baba yule namba hiyo ya mwisho alinyamaza, kisha nikamsikia akimtafsiria mkewe.

Je, utabiri huo unatimia? Ukitazama kundi zima, ndiyo, tena kwa kiasi kinachowashangaza wanaoudharau. Zaidi ya nusu ya wenye nyota tano huishia kuchaguliwa kwenye drafti. Kwa nyota tatu ni asilimia ndogo. Jadeveon Clowney aliongoza orodha ya mwaka 2011, na mwaka 2014 akawa wa kwanza kuchaguliwa. Trevor Lawrence alitoka sekondari na nyota tano mwaka 2018, akawa wa kwanza mwaka 2021.

Hapa ndipo watu wengi hupotea. Kila mwaka, Super Bowl, yaani fainali ya NFL, ikikaribia, mtu huhesabu wachezaji wa timu mbili za fainali na kutangaza kwamba wa nyota tatu ni wengi kuliko wa nyota tano, hivyo nyota hazina maana. Chukua mfano wa namba za kutunga. Tuseme wa nyota tano ni 32 na 18 kati yao wanafika NFL. Wa nyota tatu ni 1,500 na 90 wanafika. Ukiingia chumba cha kubadilishia nguo utakuta nyota tatu watano kwa kila nyota tano mmoja. Lakini ukirudi nyuma, yule wa nyota tano alikuwa na nafasi zaidi ya nusu, na yule wa nyota tatu alikuwa na nafasi 6 kwa 100. Namba zote mbili ni za kweli kwa pamoja, na moja haiifuti nyingine.

Kwa timu, ushahidi una nguvu zaidi. Mwandishi Bud Elliott alibuni kipimo rahisi: chukua wachezaji wote ambao chuo kimewasajili kutoka sekondari katika misimu minne iliyopita, uone kama wenye nyota nne na tano wanazidi nusu. Kwa zaidi ya muongo mmoja kila bingwa wa taifa wa vyuo alivuka mstari huo. TCU, chuo cha Texas, ilifika fainali ya msimu wa 2022 ikiwa chini yake kabisa, na Chuo Kikuu cha Georgia kikaitandika 65–7. Nilikuwa natazama mechi ile na wenzangu wa ofisini, na kufikia mapumziko hakuna aliyekuwa anaongea.

Sasa turudi kwa mtoto mmoja, kwa sababu baba huyu hakuniuliza kuhusu kundi.

Kijana wake anacheza mstari wa mbele wa ushambuliaji, wale majitu wanaomlinda kwotabeki, yaani mchezaji anayeongoza mashambulizi na kurusha mpira. Ana mita 1.95 na kilo 108. Hiyo ndiyo nafasi ambayo maskauti huikosea mara nyingi, na si kwa uzembe. Mpokeaji au beki wa pembeni mwenye kasi, kasi yake unaiona leo. Mtu wa mstari bado hajazaliwa, kwa maana kwamba mwili atakaochezea akiwa na miaka 22 haupo bado. Anahitaji kuongeza kilo 25 au 30 bila kupoteza wepesi wa miguu, na hakuna video ya sekondari inayoweza kukuonyesha kama atafanikiwa. Kinachoamua ni kocha wa viungo, jiko la chuo, usingizi, magoti, na mwaka mmoja au miwili ya kukaa nje akijengwa.

Chuo Kikuu cha Iowa, mwendo mfupi kutoka anapoishi familia hii, kimejijengea jina kwa kazi hiyo chini ya kocha Kirk Ferentz, aliye hapo tangu 1999. Robert Gallery aliingia pale akiwa tight-end, yaani mpokeaji mnene anayesaidia pia kuzuia. Wakamlisha, wakamhamisha mstari wa mbele, na mwaka 2004 akawa wa pili kuchaguliwa kwenye drafti nzima. Jirani zao wa Wisconsin walimpokea J.J. Watt alipokiacha chuo cha Central Michigan na kuja bila hata ufadhili wa masomo. Alikuwa amesajiliwa kule kama mpokeaji wa aina ileile, mwenye nyota mbili. Wakamgeuza mlinzi, akachaguliwa wa 11 mwaka 2011, na akatwaa tuzo ya mlinzi bora wa NFL mara tatu. Josh Allen naye alimaliza sekondari huko California bila chuo chochote kikubwa kumtaka. Alikuwa bado mwembamba. Akaenda chuo kidogo cha Reedley, akaandikia makocha barua pepe nyingi, Chuo Kikuu cha Wyoming kikamchukua, na mwaka 2018 akawa wa saba kwenye drafti.

Hawa si ushahidi kwamba maskauti hawajui kazi. Wanaonyesha mahali ambapo utabiri unaishiwa nguvu: pale mwili unapochelewa kukua, na pale mchezaji anapobadilishwa nafasi.

Kuna jambo jingine ambalo nililiona kwa macho yangu na bado linaniuma. Nyota hazitabiri tu. Nyota zenyewe hununua muda. Katika chuo nilichofanyia kazi tulikuwa na mabeki wawili walioingia mwaka mmoja, mmoja wa nyota nne na mwingine wa tatu. Kwenye alama za mazoezi walikuwa sawa, na miezi mingine yule wa nyota tatu alikuwa mbele. Wa nyota nne akikosea, makocha walisema bado anajifunza. Wa nyota tatu akikosea, walisema ndiyo kiwango chake. Mwaka wa pili mmoja alipata namba, mwingine akaendelea kusugua benchi, na mwaka wa tatu akaacha mchezo. Niliandika ripoti kuhusu hilo nikiwa na takwimu zote. Ilisomwa, nikashukuriwa, hakuna kilichobadilika. Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba wenye nyota nyingi hufanikiwa zaidi, namkubalia, lakini namkumbusha kwamba sehemu ya mafanikio hayo inatokana na wao kuvumiliwa zaidi.

Timu inayonifundisha zaidi ni Georgia ya msimu wa 2021. Baada ya ubingwa ule, wachezaji wao 15 walichaguliwa kwenye drafti moja ya 2022. Travon Walker alikuja na nyota tano na akawa wa kwanza kabisa. Jordan Davis, aliyecheza naye mstari mmoja wa ulinzi, alikuja na nyota tatu na akawa wa 13. Kwotabeki wao, Stetson Bennett, aliingia chuoni mwaka 2017 bila ufadhili, akahamia chuo kidogo cha Mississippi, akarudi, na akashinda ubingwa misimu miwili mfululizo. Ukitaka kuamini nyota, Georgia imejaa wenye nyota. Ukitaka kuzikataa, utawashika Davis na Bennett. Mimi naona chuo kilichosajili vizuri kuliko karibu wote, kisha kikawafanyisha kazi wote bila kuuliza walikuja na nyota ngapi.

Linganisha na Texas A&M. Kundi waliloliingiza mwaka 2022 lilipewa alama za juu kuliko lolote katika historia ya 247Sports. Msimu huohuo walishinda mechi 5 na kupoteza 7. Wengi wa vijana wale wakahama, na Novemba 2023 kocha Jimbo Fisher akafukuzwa huku akidai zaidi ya dola milioni 75 za mkataba wake. Vipaji vile havikuwa vya uongo. Baadhi vimeng'ara kwingine.

Halafu ikaja Indiana. Kwa miaka mingi ndiyo timu iliyokuwa na vipigo vingi kuliko yoyote katika daraja la juu. Mwaka 2023 ilishinda mechi 3. Kocha Curt Cignetti alifika kutoka chuo cha James Madison, akaja na zaidi ya wachezaji 10 aliokuwa nao kule, vijana ambao vyuo vikubwa havikuwahi kuwagombea. Januari 2026 wakatwaa ubingwa kwa kuifunga Miami 27–21, wakimaliza msimu kwa ushindi 16 bila kupoteza. Kwotabeki wao Fernando Mendoza, aliyetwaa Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo, mwezi mmoja kabla, alikuwa ameahidi kwenda Yale kabla ya Chuo Kikuu cha California kumchukua, na kutoka huko akahamia Indiana. Ule mstari wa nusu wa Bud Elliott ukavunjwa.

Ulivunjwaje? Tangu 2018 kuna mfumo rasmi wa uhamisho, na tangu 2021 mchezaji anaweza kuhama na kucheza papo hapo, bila kukaa nje msimu mzima. Cignetti alitafuta watu wa miaka 21 na 22 ambao tayari wana misimu miwili au mitatu ya mechi za chuo, yaani ambao kukua kwao kulishafanyika mahali pengine na kunaonekana kwenye video. Utabiri wa miaka 17 unapoteza thamani mara unapopata ushahidi wa miaka 21. Hilo ndilo lililobadilika, na nadhani vyuo vingi vitalifuata.

Kwa mzazi mabadiliko haya yana pande mbili. Mlango wa pili upo kwa kijana aliyechelewa kukua. Lakini chuo kinachoweza kununua mtu aliyekwisha kukomaa hakina haraka ya kumlea mtoto wa kilo 108 kwa miaka miwili. Ndiyo maana nilimwambia baba yule asiulize chuo kina nafasi ya ngapi kwenye orodha ya usajili. Aulize kocha wa mstari amekaa hapo miaka mingapi. Aulize uzito wa kila kijana alipoingia na alipo sasa. Aulize kocha wa viungo ni nani, na kama ndiye aliyekuwepo mwaka jana.

Juzi alinitumia picha. Wamealikwa kutembelea chuo kimoja mwezi ujao, na maswali ameyaandika kwenye daftari la hesabu la binti yake mdogo, kwa Kiswahili upande wa kushoto na kwa Kiingereza upande wa kulia. La kwanza linasema: "Watoto wa mstari walioingia hapa miaka minne iliyopita, wangapi wangali hapa?"