Breki ikiingia sana ndani sio kila mara ukaze nati tu

Watu wengi wakiona mkono wa breki ya mbele ya pikipiki unaingia mpaka karibu na grip wanachukua spana, wanakaza nati ya waya mpaka mkono unakua mgumu, basi wanasema imepona. Hapana bwana. Kwanza angalia ni breki ya aina gani. Kama ni ya dramu (ile ngoma ya katikati ya tairi, ndani yake kuna shuu, yaani vipande vinavyotanuka kuibana), sawa, nati ipo kwa ajili hiyo, ila lazima uache mchezo kidogo, yaani mkono usogee bure kabla breki haijaanza kushika, kwa pikipiki nyingi ndogo ni kama milimita 10 hadi 20 ukipima kwenye ncha ya mkono. Ukimaliza inua tairi ulizungushe kwa mkono, likikwaruza ujue umekaza kupita kiasi, shuu zitakua zinasuguana muda wote na dramu inachemka. Na kama dramu ina kile kimshale cha kuonyesha ulaji, bana breki ukiangalie, kikifika kwenye alama shuu zimekwisha, hapo kukaza ni kujidanganya. Wapo wanaochomoa kile kimkono cha kwenye dramu wanakirudisha meno mbele ili wapate nafasi ya kukaza tena, huo ni mchezo mbaya sana, shuu zikiisha kabisa kemu (kile kinachozitanua shuu) inaweza kugeuka ikakwama na tairi likafunga ghafla.

Breki ya diski ya mafuta ndo kabisa haina nati ya kukazia pedi (vile vipande vinavyobana diski), pistoni inajisogeza yenyewe pedi zikilika. Ikiwa laini kama sponji jua mara nyingi ni hewa imeingia, itolewe, na ucheki kama kuna sehemu inavuja.